Mlango wa Ghorofa ya Tatu

Goba, Dar es Salaam
6 Machi 2023

Dada yangu Veronika,

Shikamoo. Ugonile? Huku tumeamka salama, ila joto linatunyonga.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu mfukoni. Lakini wewe na simu mligombana siku nyingi, tangu mashine za kiwanda cha chai zilipokuharibu masikio. Nikipiga anapokea mjukuu, kisha anakupigia kelele maneno yangu mpaka Kyimo nzima inajua nimekula nini. Hili ninalokuandikia sitaki Kyimo nzima ilijue. Barua itakuja na basi. Ichukue kwa Meshaki pale ofisi ya mizigo Tukuyu, na majibu mpe yeye.

Dada, nataka kununua nyumba. Si nyumba kama hizo za kwetu zenye ua na migomba. Ni nyumba ndani ya jengo: chumba kimoja, sebule ya kutosha meza na cherehani, jiko ambalo watu wawili hawapishani, na choo humo humo. Iko Kariakoo, ghorofa ya tatu, kwenye jengo la zamani lililobambuka rangi. Chini wanauza ndoo na mabeseni kwa jumla. Mikokoteni inaanza kupita jua halijatoka, mtaro wa barabarani unanuka, ngazi hazina taa, na maji yanapanda siku pampu ikitaka. Ndiyo maana mtu kama mimi naweza kuifikia bei yake. Wenye fedha zao hawawezi hata kuegesha gari pale.

Mimi pananifaa. Karakana ninakoshona mapazia iko mtaa wa pili. Kutoka huku Goba kwa mwanangu Geresoni natoka giza na kurudi giza, miguu imevimba.

Akiba yangu peke yake haitoshi. Lile shamba la parachichi la hapo Kyimo, nililolinunua mwenyewe enzi zile nashona sare za shule pale mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu mjini, naomba unitafutie mnunuzi.

Geresoni hajui, na mkewe Hellen hajui. Usiwaambie. Siwezi kuendelea kukaa kwao. Sababu nitakueleza tukionana.

Mdogo wako,
Tusajigwe


Kyimo
19 Machi 2023

Tusajigwe,

Marahaba. Barua nimeipata. Niliisomea pale pale ofisini kwa Meshaki, nimekalia gunia la viazi la watu, mpaka mwenye gunia akaja kunisimamisha.

Mdogo wangu, una miaka sitini na miwili. Wenzako wakifika umri huo wanarudi nyumbani, wewe unapanda ngazi. Ukiteleza humo gizani nani atakuokota? Ukiugua nani atakukorogea uji, huyo muuza ndoo? Na samahani kwa kusema hivi, lakini mtu akifia ghorofa ya tatu wanamshushaje?

Nilikwishakutengenezea chumba cha upande wa migomba. Nilipaka chokaa mwezi wa kumi na mbili. Sikukuambia kwa sababu nilitaka ukute.

Lakini hayo yote nayameza. Kinachonikaba ni neno lako, "siwezi kuendelea kukaa kwao." Hellen amekufanya nini? Amekunyima chakula? Anakununia? Geresoni ni mtoto wako wa pekee. Mama haondoki kwa mtoto wake wa pekee akaenda kulala sokoni kama hakuna aliyemsukuma. Niambie.

Habari ya shamba, nitauliza watu. Miparachichi imezaa mpaka matawi yanagusa chini, mvua ya mwaka huu haina mchezo. Nitauliza polepole, maana kaka Gidion akisikia unauza ardhi ya nyumbani atakuja na maneno yake.

Dada yako,
Veronika


Goba
2 Aprili 2023

Dada Veronika,

Shikamoo. Nimecheka habari ya kushushwa. Hiyo haitakuwa kazi yangu, watajua wenyewe.

Ndaga fijo, asante sana, kwa chumba ulichonipakia chokaa. Nimekisoma hicho kipande mara nyingi kuliko vyote, na nitakuja kulala humo kila mwaka. Ila kuja kulala na kuja kukaa ni vitu viwili. Mikono yangu bado inafanya kazi, dada. Huku watu wananisubiri. Nikikosa siku moja karakana, wenzangu wanapiga simu kuuliza. Na hapa nyumbani kwa mwanangu mimi ni mgeni anayeheshimiwa kupita kiasi. Nikishika ufagio ninanyang'anywa. Nikiingia jikoni naulizwa, "Mama, nikusaidie nini?" Mtu anaweza kuchoka kwa kupumzishwa.

Hellen hajaninyima chakula. Mambo ya Hellen tuyaache, tafadhali.

Nyumba imekaribia kuwa yangu. Dalali anaitwa Fred, kijana mwenye adabu, ananiita mama. Mwenye nyumba yuko Uarabuni na yeye ndiye kaachiwa funguo. Anasema kuna mtu mwingine anaitaka, kwa hiyo nimetanguliza fedha kiasi ili asije akaichukua. Zilizobaki anazitaka kabla mwezi huu haujaisha. Kwa hiyo hilo polepole lako, dada, liongezee mwendo.

Tusajigwe


Kyimo
12 Aprili 2023

Geresoni mwanangu,

Sina salamu ndefu. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mama yako alipokuwa kwenye cherehani anakutafutia ada. Kwa hiyo nina haki ya kuuliza.

Mama yako anatafuta mahali pa kulala Kariakoo, juu ya maduka ya ndoo. Amekwishatoa fedha kwa mtu anayeitwa Fred. Anauza shamba lake. Nikimuuliza mkeo amemfanya nini, ananiambia tuyaache. Mwanamke akisema tuyaache, jua yapo.

Una nyumba ina geti. Una makochi ya ngozi. Mama yako amekosa nafasi humo? Mwambie Hellen kwamba sisi wa Kyimo si wajinga. Kama mmemchoka, msiseme kwa vitendo. Mpandisheni basi aje kwangu, nitamtunza mwenyewe.

Mama yako mkubwa,
Veronika


Goba
24 Aprili 2023

Mama mkubwa,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kazini, na siku hiyo sikufanya kazi tena. Jioni nikampa Hellen. Aliisoma akakaa chini. "Nimemfanya nini mama?" akaniuliza, na mimi nilikuwa najiuliza hilo hilo. Tukamwita mama. Alipouona mwandiko wako akasema, "Veronika huyu!" kisha akatueleza habari za Kariakoo.

Mama mkubwa, Mungu ni shahidi, sijamfukuza mama. Nilimwambia sitaki aondoke. Akanijibu, "Hujaulizwa."

Basi nikamwomba nikaione tu hiyo nyumba. Tulikwenda Jumamosi. Fred alitukuta chini, akatupandisha anachekacheka. Mama akapita kila kona kama mtu aliyekwishahamia. Akanionyesha dirisha. "Cherehani itakaa hapa," akasema. Nilitamani kukasirika nikashindwa, maana sijawahi kumwona na uso ule.

Nikamuuliza Fred jina la mwenye nyumba. Akataja jina, tukashuka kidogo akataja jingine. Nikaomba namba ya huko Uarabuni, akasema mwenyewe hapendi kusumbuliwa. Kwenye korido palikuwa na jirani anaanika nguo. Akatuuliza, "Mnapanga?" Mama akamjibu, "Nanunua." Yule mama akaacha nguo mkononi. "Unanunua kwa nani? Hii ni ya Bi Mwantumu. Na Bi Mwantumu yuko Ilala, Ijumaa tulikuwa naye msibani."

Nilipogeuka, Fred alikuwa kwenye ngazi anateremka mbili mbili. Nilimkimbiza mpaka barabarani akapotelea kwenye mikokoteni.

Barua yako ingechelewa wiki moja tu, mama angempa fedha zote. Umenitukana bure, mama mkubwa, na nakushukuru kutoka moyoni.

Ila mama tangu siku ile hasemi. Anakwenda kazini, anarudi, anaoga, analala. Hellen anampikia kila anachopenda na hagusi. Kama kuna unalolijua, niambie.

Mwanao,
Geresoni


Goba
25 Aprili 2023

Veronika,

Geresoni amesema amekuandikia. Na mimi nakuandikia, lakini salamu leo utanisamehe.

Nilikuambia usiwaambie. Ulishindwa hata mwezi mmoja. Ndiyo, najua, nimeokolewa na mdomo wako, kila mtu hapa ananiambia. Lakini hujui ulichoharibu, na sasa nitakueleza.

Mwezi wa pili nilikuwa nyuma ya nyumba nakunja nguo. Hellen alikuwa upande wa pili wa shuka zilizoanikwa, hakuniona, anaongea na kaka yake wa Njombe. Mama yao amepata kiharusi, upande mmoja haufanyi kazi. Anazungushwa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hellen akasema, "Ningemleta hapa hata leo. Lakini chumba cha wageni ni kimoja na mama yake Geresoni yumo, na siwezi kumwambia lolote, kanilelea wanangu wote." Kisha akalia ile ya kujiziba na khanga.

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningekaa humo mpaka nife.

Nikasema moyoni, nitatoka kwa furaha yangu. Nitatoka nikiwa na kwangu, nikicheka, ili siku mama yake akiingia chumba kile asiwepo wa kusema mmoja kamtoa mwenzake. Na nilikuwa nataka kwangu kweli, dada, hilo si uongo wa kumfurahisha mtu. Yalikutana mambo mawili. Ndiyo maana nilisema tuyaache. Sasa wewe umemwandikia binti wa watu kwamba kanifukuza. Hataweza kumleta mama yake tena. Akimleta, utakuwa umesema kweli.

Shamba usiuze. Nimeacha. Mzee kama mimi kuibiwa na mtoto anayeniita mama, inatosha.

Tusajigwe


Kyimo
10 Mei 2023

Tusajigwe mdogo wangu,

Ugonile. Nimesoma barua yako, nikaweka maharage jikoni, yakaungua. Nimekukosea, na nimemkosea Hellen zaidi. Ndani ya mfuko huu kuna barua yake peke yake, usiifungue. Na kuna mkungu wa ndizi. Mkungu ni wa kwake pia, msile ninyi kabla hajakubali.

Sasa sikiliza. Barua yako ya "usiuze" imenikuta nimeshauza. Aliyenunua ni Gidion.

Aliposikia alikuja asubuhi na fimbo yake, hakutaka hata kuketi. Akasema kwa sauti, maana ananijua masikio yangu, "Tusajigwe anauza ardhi ya nyumbani? Akifa atazikwa wapi, kwenye lami?"

Nikamwambia, "Atazikwa hapa, karibu na mama. Kaburi haliombi parachichi. Wewe unanunua au nimpigie mbiu mtu wa Mbeya?"

Akanung'unika, akazunguka shamba lote, akarudi na viatu vimejaa matope. Akaniuliza, "Hiyo nyumba yake ina dirisha?" Nikasema linalo. Akasema, "Basi." Ndivyo alivyokubali, na hakubishana bei. Tumekwenda serikali ya kijiji, tukaweka sahihi. Fedha ziko benki kwa jina lako, sikuzigusa wala hakuna aliyezigusa.

Kwa hiyo huwezi kuacha. Kwanza huna tena shamba la kurudia.

Huyo Bi Mwantumu wa Ilala, umekwenda kumwona? Najua hujakwenda. Umekaa unaona aibu. Fred ndiye mwenye kuona aibu, si wewe. Nenda. Usimtume Geresoni, akienda mwanamume na makaratasi atamwogopesha. Nenda mwenyewe, umwambie mimi ndiye niliyekaribia kuuziwa nyumba yako na mwizi. Atakachosema, atasema.

Dada yako asiyefunga mdomo,
Veronika


Kariakoo, Dar es Salaam
20 Agosti 2023

Dada yangu Veronika,

Shikamoo, shikamoo tena. Soma hapo juu nilipoandika mahali. Nimeandika polepole ili nisikosee.

Najua nimekaa kimya muda mrefu. Sikutaka kukuandikia jambo nusu.

Nilikwenda Ilala kama ulivyosema. Bi Mwantumu ni mama wa makamo yangu, mwembamba, anatafuna karafuu. Nilimweleza yote nimesimama mlangoni. Akanivuta ndani. "Kaa, mwenzangu," akasema, "maana hata mimi naona nimeibiwa." Fred alikuwa dalali wake wa kutafuta wapangaji tu, alimwachia funguo kwa sababu hiyo. Bi Mwantumu hawezi tena kupanda zile ngazi kwa ajili ya magoti, na wapangaji wamemchosha.

Akaniuliza, "Ungeipata ungekaa mwenyewe, au ungejaza wapangaji?"

"Ningekaa mwenyewe. Na cherehani."

Akasema ile nyumba alinunuliwa na marehemu mumewe walipokuwa vijana, na watoto wake wanne wote walianza kutembea kwenye korido ile. "Sikutaka kuuzia mtu wa kuvunja kuta," akasema. Tulikunywa chai ya tangawizi hadi adhuhuri. Bei aliyonitajia ilikuwa chini ya ile ya Fred! Yule mtoto alikuwa ananiibia na faida juu.

Safari hii tulifuata njia. Geresoni alipeleka hati ikafanyiwa upekuzi ofisi ya ardhi, wakili akasimamia, na watoto wote wanne wa Bi Mwantumu wakaja wakasema wanakubali. Fred naye alipatikana. Mwenyekiti wa mtaa alimwita na mama yake mzazi, na mbele ya mama yake akarudisha nilichompa, kwa mafungu mawili. Sikumtukana. Nilikuwa nimefurahi mno, sikuwa na nafasi.

Barua yako kwa Hellen sijui uliandika nini. Aliisoma chumbani, akatoka macho mekundu, akaukata ule mkungu yeye mwenyewe akatupikia sote. Siku ya kuhama alikuja kunisugulia sakafu. Geresoni alikataa wapagazi, akabeba cherehani begani ngazi zote tatu, akafika juu hawezi kusema. Alipoteremka kuchukua godoro jipya, Hellen akaacha brashi.

"Mama," akasema, "siku ile kwenye kamba za nguo, ulinisikia?"

"Kusikia nini?"

Akanitazama sana. "Basi, mama."

"Chumba kile kina kitanda kipana," nikamwambia. "Mtu mwenye shida ya kugeuka atakipenda. Kimekaa bure."

Alirudi kusugua, lakini alisugua sehemu ile ile muda mrefu, na mabega yakawa yanatikisika. Juma lililopita mama yake ameletwa kutoka Njombe. Jumapili nilikwenda kumwona. Tulishikana mikono, ule wake mzima na wangu. Ulimi bado mzito lakini alinitania kwamba nimemwachia godoro lenye bonde katikati.

Sasa nikuambie habari za hapa. Kelele zipo, sitakudanganya. Kuna kijana chini anatangaza mabeseni kwa kipaza sauti, sauti moja kutwa. Maji juzi hayakupanda, nikachota kwa jirani, yule aliyekuwa anaanika nguo. Taa ya ngazini nimenunua mwenyewe na majirani wakachangia ya pili. Panya nimeona mmoja, tumetazamana akaondoka.

Lakini asubuhi ya kwanza, dada, niliamka jua limeshaingia dirishani. Sikuwa na pa kukimbilia. Nilichemsha chai, nikakaa kwenye ndoo kwa sababu viti havijaja, nikainywa yote taratibu. Halafu nikachemsha nyingine. Hakuna aliyeniuliza kama naumwa, wala aliyeninyang'anya sufuria. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakatoka, na nikashukuru Mungu kwa sauti, maana hakukuwa na wa kumwamsha.

Njoo. Nitakusimamia kwenye ngazi.

Mdogo wako,
Tusajigwe


Kyimo
5 Septemba 2023

Tusajigwe,

Marahaba, marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kwa sababu Meshaki safari hii kaficha magunia.

Nakuja mwezi wa kumi na mbili, mavuno ya viazi yakishatoka. Huyo kijana wa kipaza sauti hatanisumbua, masikio yangu yameshamaliza kazi. Gidion anasema na yeye anakuja, anataka kuliona hilo dirisha. Nimemwambia atalala kwa Geresoni.

Nikuambie jambo moja nifunge. Toka tukiwa wasichana, watu wakiniuliza ulipo, nimekuwa na jibu. Yuko kwa baba. Ukaolewa, nikasema yuko kwa mumewe. Akafariki, shemeji zako wakachukua ile nyumba, nikawa nasema yuko kwa mwanawe. Hata sikuwahi kufikiri, ni neno linatoka tu.

Jumapili baada ya ibada, Mama Mchungaji alinishika mkono pale nje. Ananisogelea sikioni siku zote, mwenye huruma yule. "Na mdogo wako Tusajigwe, yuko wapi siku hizi?"

Nilifungua mdomo kujibu kama kawaida, nikaona neno halipo. Nikasimama mpaka akadhani sijasikia, akarudia kwa sauti kubwa, watu wakageuka.

Nikamwambia, "Yuko kwake."

Veronika